Shajara ya mradi: shaba inakaa wapi ndani ya kichocheo

Februari

Kemikali zimefika, mitungi ya gesi imefungwa ukutani kwa minyororo, na kengele ya kaboni monoksidi imejaribiwa na inalia. Kazi imeanza.

Kwa anayefungua shajara hii kwa mara ya kwanza: tunatengeneza vichocheo (unga unaoharakisha mabadiliko ya kikemikali bila wenyewe kuisha) vya oksidi mseto ya metali za seri na zirkoni, chembe zake zikiwa na upana wa nanomita chache, kisha tunapandikiza metali ya tatu na kufuatilia kinachobadilika. Metali tulizochagua ni shaba, manganizi na lanthani. Unga huu tunautaka uigeuze kaboni monoksidi kuwa kaboni dioksidi kwa joto dogo iwezekanavyo. Gesi hiyo haionekani wala hainuki, na kila mwaka tunasikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, au waliowasha jenereta ndani ya duka lililofungwa, wasiamke tena.

Vichocheo vya kwenye magari vipo, ila hutegemea platini, paladi na rodi, metali ambazo bei yake haishikiki kwa kifaa cha kufunga kwenye jenereta ya dukani. Ipo pia Hopcalite, mchanganyiko wa oksidi za manganizi na shaba uliobuniwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kwa ajili ya barakoa za wanajeshi, jina lake likitokana na vyuo vikuu vya Johns Hopkins na California. Hufanya kazi hata katika joto la kawaida la chumba, lakini unyevu huimaliza nguvu. Moshi wa injini haukosi mvuke wa maji. Ndiyo maana tunaelekea kwenye seri.

Seri huwekwa katika kundi la metali adimu, na watu hudhani ni haba kama dhahabu. Siyo. Kiasi chake katika ganda la dunia kinakaribia kile cha shaba. Miamba ya Ngualla mkoani Songwe na ile ya Gakara nchini Burundi inayo, na shaba ya Katanga haihitaji kutambulishwa. Sisi kwa sasa tunatumia chumvi za nitrati za kwenye chupa, za kununua, lakini hilo la ardhi yetu ni moja ya sababu zilizonifanya niupende mradi huu tangu ukiwa wazo la karatasi moja.

Sasa kiini cha jambo. Oksidi ya seri ina tabia moja ya thamani: ioni zake, yaani atomi zenye chaji ya umeme, hubadilika kutoka chaji nne kwenda chaji tatu na kurudi bila kiunzi cha fuwele, ule mpangilio wa atomi zake, kubomoka. Ikishuka chaji, huachia oksijeni. Ikipanda, huichukua kutoka hewani. Kaboni monoksidi inapofika juu ya uso, hainyakui oksijeni ya hewani moja kwa moja. Hunyakua ile ya kwenye kiunzi, kisha hewa hulijaza pengo lililobaki. Njia hii ya hatua mbili ilielezwa na Mars na van Krevelen mwaka 1954, na mpaka leo ndiyo tunayoanzia tukizungumzia oksidi za aina hii.

Shida ni kwamba ioni ya seri yenye chaji tatu ni nene kuliko ile yenye chaji nne: nusu kipenyo cha nanomita 0.114 dhidi ya 0.097. Kila oksijeni inapotoka, kiunzi kinabanana. Zirkoni, yenye 0.084, inapoingia inaleta nafasi ya kupumua. Ndiyo sababu miaka ya 1990 watengenezaji wa vichocheo vya magari waliacha seri tupu wakahamia kwenye mseto wa seri na zirkoni: oksijeni inatembea kwa urahisi zaidi, na chembe hazikui ovyo zikipata moto.

Metali ya tatu inaleta hesabu nyingine. Ioni ya shaba ina chaji mbili. Ikikaa mahali pa seri yenye chaji nne, chaji mbili zinapungua, na ili mizani irudi oksijeni moja lazima itoke. Shaba moja, pengo moja. Lanthani ina chaji tatu, kwa hiyo zinahitajika mbili kwa kila pengo. Hesabu hiyo ni safi kabisa, na ndiyo inayotia shaka: inachukulia kwamba shaba yote imeingia ndani ya kiunzi. Je, kweli inaingia? Au inabaki juu ya uso, au inajitenga na kuwa chembe zake yenyewe za oksidi ya shaba? Kwenye lebo ya chupa hali zote tatu zitaandikwa "asilimia 5 ya shaba".

Mradi huu wote ni kuitafuta tofauti hiyo.

Machi, mwanzoni

Nitrati ya zirkonili ilikuwa ya kwanza kutusimamisha. Lebo yake ina herufi x mahali pa idadi ya molekuli za maji, maana yake mtengenezaji hajui, au hajali. Huwezi kupima moli, yaani idadi ya molekuli, kwa kitu ambacho hujui kina maji kiasi gani. Tulipima kiasi kwenye kikombe cha kaure, tukakichoma hadi uzito ukaacha kubadilika, tukapima oksidi nyeupe iliyobaki. Zaidi kidogo ya theluthi moja ya uzito ndiyo iliyosalia. Namba hiyo sasa imebandikwa kwenye chupa, na kila chupa mpya itachomwa upya kabla ya kutumika.

Sampuli za msingi tumeziita CZ: seri nane, zirkoni mbili. Zenye shaba ni Cu2, Cu5, Cu10 na Cu15, namba ikiwa asilimia ya ioni zote za metali. Kisha Mn5 ya manganizi na La5 ya lanthani. Kwa gramu 10 za Cu5 tunahitaji gramu 20.86 za nitrati ya seri yenye molekuli sita za maji, na gramu 0.76 tu za nitrati ya shaba yenye molekuli tatu. Mwanafunzi wangu wa uzamili aliitazama ile 0.76 kwenye karatasi ya kupimia, akauliza, "Dokta, hii tu?" Hiyo tu. Asilimia 5 ya ioni ni kama asilimia 2 ya uzito. Asomaye ripoti za watu aangalie sana ni asilimia ya nini inayosemwa, maana mara nyingi haisemwi.

Machi, katikati

Tunatumia njia ya kugandisha metali zote kwa pamoja kutoka kwenye maji. Ni njia ya bei ndogo na mtu yeyote mwenye bika, bureti na kikorogeo cha sumaku anaweza kuifanya. Ila neno "kwa pamoja" lina mtego. Zirkoni huanza kuganda maji yakiwa bado na asidi kali, karibu pH 2 (namba ya pH ikipanda, asidi inapungua na alkali inazidi). Shaba hufuata kati ya 5 na 6. Seri yenye chaji tatu hungoja hadi 7 au 8. Ukidondosha alkali polepole ndani ya nitrati, utapata kwanza zirkoni, halafu shaba, halafu seri inakuja kuwafunika wenzake. Hapo huna mseto, una matabaka.

Kwa hiyo tunafanya kinyume. Alkali ndiyo iliyomo kwenye bika, pH ikishikiliwa karibu na 10, na mchanganyiko wa nitrati unadondoka kutoka juu. Kila tone linapogusa maji, metali zote tatu zinakutana na pH ya juu kwa mara moja na hazipati muda wa kupangiana zamu. Mashapo yanatoka yakiwa na rangi hafifu ya zambarau, kisha yakikorogwa hewani yanageuka manjano. Hiyo ni seri inapanda kutoka chaji tatu kwenda nne, mbele ya macho yako. Nimeiona mara nyingi na bado huwa nasimama kuiangalia.

Kuna swali zuri liliulizwa: kwa nini tusitumie amonia? Ina faida ya kweli, maana ikichomwa inaondoka yote na haiachi sodiamu nyuma. Kwa CZ, Mn5 na La5 ningeikubali. Kwa shaba hapana. Nilimwaga amonia kidogo kwenye nitrati ya shaba ili wanafunzi waone. Kwanza kukatokea mashapo ya bluu mpauko, halafu kwa matone machache zaidi mashapo yakayeyuka na bika zima likawa bluu iliyokolea, bluu ya usiku. Shaba imeshikana na amonia na imerudi kwenye maji. Ukichuja hapo, shaba yako inakwenda kwenye sinki, na sampuli unayoiita Cu10 inaweza kuwa Cu3. Sampuli zote zinalinganishwa, kwa hiyo zote lazima zitengenezwe kwa alkali ileile. Tumechagua sodiamu hidroksidi na magadi.

Gharama yake ni kuosha. Sodiamu ikibaki kwenye uso, inaharibu kichocheo na kukuficha ukweli wa metali uliyopandikiza. Tunaosha kwa maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, ya uvuguvugu tu, kwa sababu hidroksidi ya shaba ikikutana na maji ya moto hugeuka oksidi nyeusi kabla ya wakati wake. Fundi wetu wa maabara, Mzee ambaye ameona watafiti wengi wakipita hapa, hakubali kitu kuitwa safi mpaka tone la maji ya chujio likaushwe kwenye waya na kupelekwa motoni. Moto ukionyesha manjano kali, sodiamu ipo. "Rudisha, bado," anasema, na tunarudisha.

Machi, mwishoni

Kukausha nyuzi 110 usiku mzima, kusaga kwenye kinu cha agati, kisha tanuri: nyuzi 500, kupanda nyuzi 2 kwa dakika, saa nne. Umeme ulikatika Cu5 na Cu10 zikiwa njiani kupanda. Zilipoa, zikapashwa tena. Fuwele zinakumbuka historia yao ya joto, na sampuli iliyopita joto fulani mara mbili si sawa na iliyopita mara moja, kwa hiyo zile mbili tumezitenga na kuzitengeneza upya. Tanuri sasa linaunganishwa na jenereta siku za kuchoma.

Rangi peke yake inaeleza mengi. CZ ni manjano mpauko kama kurasa za kitabu cha zamani. La5 karibu haitofautiani nayo. Mn5 ni kahawia nzito. Za shaba zinaanza na kijivu chenye ukijani kwenye Cu2 na kuishia karibu na nyeusi kwenye Cu15.

Aprili

Majibu ya eksirei yamerudi. Mashine huurushia unga mionzi hiyo na kuchora vilele kwenye pembe ambako atomi zilizopangika huirudisha. Sampuli zote zina vilele vya muundo wa seri: karibu na pembe za nyuzi 28.5, 33.1, 47.5 na 56.3 kwa seri tupu, na kwa CZ vimesogea kidogo upande wa juu. Kusogea huko ndiko tulikokuwa tunakutaka, maana zirkoni ni nyembamba na kiunzi kimesinyaa. Kanuni ya Vegard ya mwaka 1921 inasema kusinyaa kunakwenda sambamba na kiasi kilichoingia, na kwa zirkoni namba zinakubaliana. Zirkoni imeingia.

Kwa shaba hadithi ni nyingine. Ioni yake ni ndogo zaidi, nanomita 0.073, kwa hiyo kadiri inavyoingia kiunzi kingepaswa kusinyaa zaidi. Kutoka Cu2 hadi Cu10 vilele karibu havikusogea. Na hakuna kilele cha oksidi ya shaba, ambacho kingeonekana karibu na 35.5 na 38.7. Kwenye Cu15 ndipo vinapoanza kuchomoza, vidogo lakini havina ubishi.

Ni rahisi kusoma Cu5 na kuandika: "Hakuna oksidi ya shaba, kwa hiyo shaba yote imeingia kwenye kiunzi." Sentensi ya aina hiyo imeandikwa katika makala nyingi mno. Haifuati. Eksirei huona mpangilio unaojirudia mara nyingi. Vishada vya shaba vya atomi chache juu ya uso havina mpangilio wa kutosha kuonekana. Na kiunzi kutosinyaa kunaweza kuwa na maana mbili: shaba haikuingia, au imeingia ikazalisha mapengo na seri zenye chaji tatu, ambazo ni nene, na upanuzi ukafuta usinyaaji. Eksirei peke yake haiwezi kuamua.

Inachoamua ni ukubwa wa chembe, na hata hapo kwa tahadhari. Kwa fomula ya Scherrer ya mwaka 1918, kilele cha 28.5 chenye upana wa nyuzi 1 kinatoa chembe za nanomita 8 hivi, baada ya kuondoa upana unaotokana na mashine yenyewe. Sampuli zetu nyingi ziko karibu na hapo, na zile zenye metali ya tatu ni ndogo kidogo kuliko CZ. Lakini kilele hupanuka pia kiunzi kikiwa kimekunjamana, na metali ngeni hukunja kiunzi. Tumechora vilele vyote pamoja kwa njia ya Williamson na Hall ili kutenganisha mawili hayo. Kwa La5 sehemu kubwa ya upanuzi ni mkunjo, jambo linaloeleweka, kwa sababu lanthani ni nene kuliko seri na inasukuma.

Jioni moja nikafanya hesabu ambayo imebadilisha namna ninavyoutazama mradi. Chukua chembe ya mviringo ya nanomita 8. Tabaka la nje kabisa la metali lina unene wa kama nanomita 0.31. Sehemu ya ujazo iliyomo kwenye tabaka hilo ni zaidi kidogo ya tano moja. Kwenye chembe ya nanomita 50 ingekuwa chini ya asilimia 4. Maana yake, kwa chembe zetu, kati ya ioni 100 za metali kama 20 zinakaa usoni. Sasa weka shaba 5 kati ya 100. Kama zote zimebaki usoni, zinachukua robo ya nafasi zote za uso. Cu10, nusu. Cu15, robo tatu, na hapo majirani hawakwepeki, shaba inakutana na shaba na kuanza kujijengea oksidi yake. Na Cu15 ndiyo hasa ilipochomoza kwenye eksirei. Hesabu hii haithibitishi kwamba shaba yote iko usoni. Inaonyesha tu kwamba uso una nafasi ya kuibeba bila kuonekana, na hilo linatosha kuniondolea imani na namba za kwenye lebo.

Mei

Eneo la uso kwa nitrojeni. Kinadharia, chembe za nanomita 8 zenye msongamano wa gramu 7 kwa sentimita ya ujazo zingekuwa na mita za mraba 107 kwa gramu. Tumepata chini ya hapo kwa sampuli zote, kwa sababu chembe hugandamana na sehemu zinazogusana hazifikiwi na gesi. Sampuli za shaba hazikuwa na eneo kubwa kuliko CZ kwa kiasi cha kutajika. Tulishike hili: likija ongezeko la kasi, halitatokana na eneo.

Raman, kipimo cha kumulika unga kwa leza na kusoma mwanga unaorudi, ilitusaidia zaidi. Seri safi ina mstari mmoja wenye nguvu karibu na 464 kwa kila sentimita, na mapengo ya oksijeni hujionyesha kama kivimbe karibu na 600. La5 ina kivimbe kizuri, kipana. Cu2 na Cu5 zinacho pia, kwa hiyo sehemu ya shaba kweli imeingia ndani na imetengeneza mapengo. Kutoka Cu5 kwenda Cu10 kivimbe hakikukua kwa uwiano. Shaba iliyoongezwa haikwenda ndani. Kwa unga mweusi inabidi kupunguza sana nguvu ya leza, la sivyo unaupasha sampuli hapohapo na mstari unahama kwa sababu ya joto.

Kipimo cha kupasha sampuli ndani ya hidrojeni ndicho kilichowafanya wanafunzi wasogeze viti. Seri tupu huachia oksijeni ya usoni karibu na nyuzi 500 na ile ya ndani karibu na 800. Cu5 ilianza kuachia kabla ya 200. Vilele viwili vidogo, kimoja kikitangulia kingine, na kwenye Cu15 kikaja cha tatu, upande wa joto zaidi, mahali ambapo oksidi ya shaba ya kawaida hujibu. Jambo la kuangalia ni ukubwa wa vilele hivyo vya mwanzo: hidrojeni iliyotumika ni nyingi kuliko shaba yote iliyomo ingeweza kutumia. Ziada hiyo imetoka kwenye seri. Shaba haiachii oksijeni yake peke yake, inaifungulia njia na oksijeni ya jirani.

Juni

Siku za kaboni monoksidi. Miligramu 100 za unga kwenye mrija wa kwazi, pamba ya kwazi juu na chini, gesi yenye asilimia 1 ya kaboni monoksidi na oksijeni ya kutosha, mililita 100 kwa dakika. Kipimajoto kinagusa unga wenyewe, siyo ukuta wa tanuri, kwa sababu muungano huu hutoa kilojuli 283 kwa kila moli na unga unaweza kuwa na joto kuliko tanuri linavyosema. Dirisha wazi, feni ya kutolea moshi inawaka, hakuna anayefanya kazi akiwa peke yake.

CZ haikugeuza nusu ya gesi hadi tulipovuka nyuzi 350. La5 ilikuwa afadhali kidogo, basi. Mn5 ilishuka hadi karibu na 230. Cu5 ilifika nusu karibu na nyuzi 120.

Tulirudia kwa unga wa kundi jingine. Ileile, kwa tofauti ya nyuzi chache. Gramu 0.76 ya nitrati katika gramu 10 za unga imeshusha joto la kazi kwa zaidi ya nyuzi 200. Nimekaa katika fani hii muda mrefu na bado naona ni jambo kubwa.

Jambo lenyewe si geni, na heshima iende inakostahili: mwaka 1995 Wei Liu na Maria Flytzani-Stephanopoulos walionyesha kwamba shaba juu ya seri huunguza kaboni monoksidi kwa kiwango cha kushindana na metali za thamani. Tunachoongeza sisi ni kufuatilia mahali shaba ilipo, hatua kwa hatua, kwenye unga uliotengenezwa kwa vifaa vya kawaida.

Cu10 ilikuwa karibu sawa na Cu5. Cu15 haikuongeza chochote. Shaba mara tatu, faida ileile.

Juni, mwishoni

Flytzani-Stephanopoulos ana kazi nyingine ninayoisoma kila mwaka na wanafunzi. Mwaka 2003, yeye na wenzake waliosha dhahabu na platini kutoka juu ya seri kwa sianidi, wakaonyesha kwamba chembe za metali zilipoondoka, kichocheo chao cha kugeuza kaboni monoksidi na mvuke kilibaki na kasi yake. Zilizokuwa zikifanya kazi ni ioni chache zilizoshikamana na seri. Ukitaka kujua nani anafanya kazi, mwondoe mmoja na uangalie.

Sianidi hatuigusi. Kwa shaba asidi ya nitriki iliyozimuliwa inatosha: inayeyusha oksidi ya shaba ya usoni na haiwezi kuifikia ile iliyozama kwenye kiunzi. Tuliloweka Cu10, tukachuja. Maji yakatoka na bluu nyepesi, na unga uliokuwa karibu mweusi ukapauka kuwa kijivu. Tukaosha, tukakausha, tukarudisha kwenye mrija.

Nusu ya gesi ikageuka karibu na nyuzi 210.

Sikutarajia jibu lililogawanyika wazi namna hiyo. Shaba ya usoni ilipoondoka, tulipoteza nyuzi 90. Lakini unga haukurudi kwenye 350 ya CZ. Ile shaba iliyozama, pamoja na mapengo yake, bado inashusha joto kwa nyuzi 140. Kwa hiyo zote mbili zinafanya kazi, ila kazi tofauti. Ya usoni inaipokea kaboni monoksidi na kuishika. Ya ndani inalegeza oksijeni ya kiunzi ili ifike usoni haraka. Na ile ya tatu, iliyojitenga kuwa chembe za oksidi ya shaba kwenye Cu15, ni mzigo tu.

Julai

Tumezipeleka zote nyuzi 800 kwa saa nne, jambo ambalo bomba la moshi litazifanyia mapema au baadaye.

Hapa shaba imetuonyesha upande wake mwingine. CZ ilikua kutoka nanomita 8 hadi chini kidogo ya 15. Cu10 ilipita 30. Watu wa kauri wanaujua ukweli huu na huutumia kwa makusudi: oksidi ya shaba husaidia chembe za seri kuungana kwa joto dogo. Kwa mtengenezaji wa kauri ni baraka. Kwetu ni hasara mara mbili, maana uso ukipungua, nafasi za shaba zinapungua pia, na shaba inafukuzwa. Vilele vya 35.5 na 38.7 sasa vinaonekana hata kwenye Cu5. Joto la kugeuza nusu ya gesi limepanda kwa sampuli zote za shaba, na Cu15 imeumia kuliko zote.

La5, ambayo mwezi uliopita hakuna aliyekuwa akiijali, ndiyo iliyobaki na chembe ndogo kuliko zote. Lanthani hupenda kukaa kwenye mipaka ya chembe na huzizuia zisiungane. Haikushusha joto la kazi, lakini inalinda kile ambacho metali nyingine imekileta. Ndiyo maana siwezi kujibu ninapoulizwa ni metali gani bora ya kupandikiza. Bora kwa lipi? Kwa kasi, shaba kidogo iliyokaa usoni. Kwa kuvumilia moto, lanthani. Manganizi sijaitendea haki bado. Mn5 ilipanda kwa nyuzi chache tu baada ya tanuri, na ina sifa nzuri kwa kuunguza masizi, ambayo hatujayapima.

Agosti

La5Cu5 imetengenezwa, ila kwa mpangilio mpya: seri, zirkoni na lanthani zimegandishwa pamoja na kuchomwa nyuzi 800 kwanza, hadi chembe zimalize kukua. Shaba imetiwa mwisho, kwa kulowesha unga kwenye nitrati yake na kuchoma nyuzi 400. Fikra ni kwamba kama shaba ya usoni ndiyo yenye kazi kubwa, haina haja ya kupita kwenye moto mkali na kusukumwa huku na kule. Nusu ya gesi inageuka karibu na 130, kwenye kiunzi ambacho tayari kimeshaonja nyuzi 800. Baada ya kuirudisha nyuzi 800 kwa saa nne nyingine imepanda hadi 165. Cu10 ya zamani baada ya moto uleule ilikuwa imepita 200.

Yamebaki maadui wawili. Mvuke wa maji ndio tunaoanza nao. Wa pili ni salfa, ambayo hushikamana na seri na kuwa salfati, na uso uliogeuka salfati haubadilishi oksijeni. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kushusha salfa ya dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia 2015. Ulaya ni 10. Mara tano si tofauti ya kupuuza kwa kichocheo kinachotakiwa kuishi miaka, kwa hiyo tutapima kwa kiwango cha mafuta ya hapa.

Kifaa cha kupitisha gesi kwenye maji ya uvuguvugu kimeunganishwa leo, na bomba lote hadi kwenye mrija limefungwa utepe wa joto ili mvuke usigande njiani. Mzee amelipitia kiungo kwa kiungo na maji ya sabuni, hakuna panapovuja. Jumatatu tunaingiza La5Cu5 kwanza, kisha Cu5, kwa asilimia 5 ya mvuke.